Ubao Kwenye Utoro

Mzee alinikaribisha juu ya tuta la bwawa lake. Katikati ya mgongo wa tuta ameweka benchi la mbao, chini ya mti ambao alisema aliupanda mwaka uleule aliomaliza kushindilia udongo. Mbele yetu maji yalikuwa yametulia, mitumbwi miwili ya plastiki imefungwa kamba, na watoto wa wageni wakipiga mbizi karibu na nguzo ya koki, ile ya kufungulia bomba la kutolea maji chini ya tuta. Nyuma yetu mteremko ulikuwa umefunikwa kwa maua, chini yake bonde, na mbali kidogo paa za mabati ziking'aa juani.

"Mzee, ile koki inafunguka?" nilimuuliza.

Akacheka. "Mwanangu, niifungue ya nini? Maji yakiisha, wageni watakuja kutazama matope?"

Kisha akaniongoza hadi mwisho wa tuta, kwenye utoro wa maji, ule mfereji uliosakafiwa kwa saruji ambao maji ya ziada hutorokea bwawa linapojaa. Mdomoni mwa utoro huo alikuwa amesimamisha ubao wa sentimita 30, ukazibwa pembeni kwa magunia ya mchanga. "Huu umeniongezea maji," akasema kwa fahari. "Sasa mtumbwi unafika hadi gatini bila kukwama."

Nimeuwaza sana ubao ule. Mabwawa madogo ya watu binafsi yanazidi kugeuzwa sehemu za mapumziko: kuvua, kuogelea, kupiga picha za harusi, kula upepo. Sina ugomvi na jambo hilo. Bwawa lililochimbwa kwa ajili ya mifugo au kumwagilia mashamba likiweza pia kumwingizia mwenyewe kipato, ni haki yake. Lakini karibu kila kitu kinachofanywa ili bwawa limpendeze mgeni hukatwa kwenye usalama wa tuta, na anayekikata mara nyingi hajui kama amekata kitu. Mgeni anataka maji yaliyojaa pomoni, kivuli, maua, njia pana ya kutembea juu ya tuta, na samaki wasiotoroka. Fundi wa mabwawa angekaa na orodha hiyohiyo akaisoma kama orodha ya makosa.

Tuanze na ubao. Bwawa la hekta moja, yaani kama uwanja mmoja na nusu wa mpira, ukiliongezea sentimita 30 umeliongezea mita za ujazo 3,000. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Mzee alikuwa amepigilia misumari michache akaning'iniza tani 3,000 juu ya bonde.

Uzito lakini ni nusu tu ya hadithi. Tuseme utoro wake una kina cha mita moja kutoka sakafuni hadi usawa wa mgongo wa tuta. Ubao umebakiza sentimita 70. Mtu atasema amepoteza asilimia 30 ya nafasi, si haba, bado imebaki. Maji hayahesabu hivyo. Kadiri yanavyopita kwa kina kikubwa ndivyo yanavyokwenda kasi, kwa hiyo ukipunguza kina unapoteza nafasi na kasi kwa pamoja. Ukipiga hesabu, utoro wenye sentimita 70 unapitisha pungufu ya asilimia 60 ya kile ulichokuwa unapitisha kwenye mita nzima. Ubao wa sentimita 30 umekula zaidi ya asilimia 40 ya mlango pekee wa dharura.

Na dharura yenyewe hailingani na ukubwa wa bwawa. Inalingana na ukubwa wa eneo linalotiririsha maji kuja bwawani. Mvua ya milimita 100 ikinyesha kwenye kilomita moja ya mraba, hizo ni mita za ujazo 100,000. Ardhi ikinywa nusu, nusu nyingine inakuja. Bwawa la hekta moja lenye kina cha wastani cha mita mbili lina mita za ujazo 20,000 tu, nalo lilikuwa limeshajaa kabla mvua haijaanza, kwa sababu Jumamosi kulikuwa na wageni. Usiku mmoja linaombwa kupitisha maji mara mbili na nusu ya yale linayoyabeba. Bila utoro wa kutosha, yatapita juu ya tuta.

Hapo ndipo tuta la udongo linapotofautiana na ukuta wa zege. Ukuta wa zege unaweza kupitiwa na maji juu yake ukabaki umesimama. Udongo hauna uvumilivu huo. Maji yanashuka upande mkavu, yanakula mguu wa tuta kwanza, kisha yanarudi nyuma yakipanda, yakimega kipande baada ya kipande, hadi yanafika kwenye mgongo na kuukata. Mkato ukishaanza, maji yaliyopo nyuma ndiyo yanayoupanua, na hakuna gunia la mchanga litakalowahi. Kati ya mtiririko mwembamba unaoonekana kama mapambo na tuta kuondoka zinaweza kupita saa chache, au pungufu ya hapo.

Mkasa unaojulikana zaidi wa bwawa la starehe ulitokea Marekani, jimbo la Pennsylvania. Bwawa la South Fork lilijengwa na serikali ya jimbo kwa ajili ya mifereji ya usafirishaji. Reli zilipoiua biashara ya mifereji, likauzwa. Mmoja wa wamiliki waliopita hapo katikati akang'oa mabomba ya chuma ya kutolea maji chini ya tuta na kuyauza kama chuma chakavu. Mwaka 1879 likaangukia mikononi mwa klabu ya uvuvi na uwindaji ya matajiri wa Pittsburgh. Andrew Carnegie na Henry Clay Frick walikuwa wanachama. Klabu ikalikarabati ili liwe ziwa la kupumzikia. Mgongo wa tuta ukashushwa ili njia iwe pana na magari ya farasi yapishane. Kwenye utoro wakaweka nyavu za chuma ili samaki waliowanunua kwa fedha nyingi wasitoroke. Mabomba ya chini hayakurudishwa.

Sioni uovu hata kwenye hatua moja kati ya hizo. Kila moja ni uamuzi ambao mwenye hoteli yoyote ya kando ya maji angeufanya leo akiwa anakunywa chai. Bosi wa kiwanda cha chuma kilichokuwa bondeni, Daniel Morrell, alimtuma mhandisi akakague, naye akarudi na wasiwasi uleule ambao mtu yeyote makini angerudi nao: hakuna namna ya kushusha maji ikitokea haja ya matengenezo. Klabu ikamjibu kwamba hakuna cha kuhofia.

Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa, ziwa likapanda. Nyavu za samaki zikajaa matawi na takataka, na utoro ukaziba. Walipojaribu kuzing'oa hazikung'oka. Hawakuwa na mabomba ya kufungulia. Maji yakapita juu ya tuta pale katikati, mahali palipokuwa chini zaidi, na tuta likaondoka. Ilichukua kama saa moja wimbi kufika mji wa Johnstown, kilomita 23 chini yake, likiwa limebeba nyumba, miti, mabehewa na waya wa miba. Walikufa watu 2,209. Hakuna mahakama iliyoiwajibisha klabu ile.

Baada ya hapo nilirudi kwenye daftari langu na kuangalia nilichoandika juu ya bwawa la mzee: mgongo wa tuta umesawazishwa, utoro umezibwa kiasi, koki haijaguswa. Vitu vitatu, na vyote vitatu vilikuwa South Fork.

Watu hujitetea kwa neno "dogo." Bwawa langu dogo, litamdhuru nani? Bwawa la Kelly Barnes, jimbo la Georgia, Marekani, lilikuwa tuta la udongo na mawe lisilokuwa na mkubwa wa kuliuliza. Liliwahi kuzalisha umeme kidogo; kuanzia mwaka 1957 likabaki la kuvua na kupunga upepo. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 1977 likapasuka juu ya chuo cha Biblia cha Toccoa Falls na kuua watu 39 waliokuwa wamelala. Rais Jimmy Carter, ambaye Georgia ndiko kwao, akaagiza mabwawa yasiyo ya serikali kuu yaliyokaa juu ya makazi ya watu yakaguliwe. Yakakaguliwa karibu 9,000. Karibu theluthi moja yakaonekana si salama, na kasoro iliyoongoza kwa mbali ilikuwa utoro usiotosha. Wala haikuwa zege mbovu au matetemeko. Mlango wa kutokea ulikuwa mdogo tu.

Kenya, tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba binafsi huko Solai, kaunti ya Nakuru, lilipasuka usiku wakati wa masika. Halikuwa la starehe, lilikuwa la kilimo. Lakini waliokuwa chini yake walikuwa walewale wa kila mahali: watu waliokuwa ndani ya nyumba zao, wengi wao watoto, wasiojua lolote kuhusu kina cha maji kule juu. Walikufa watu wasiopungua 47.

Sheria nyingi huanza kuliangalia bwawa kwa ujazo wake. Uingereza, ambayo sheria yake ya mabwawa ni ya mwaka 1975, ilichora mstari kwenye mita za ujazo 25,000 zilizo juu ya usawa wa ardhi ya asili. Wales baadaye ikaushusha hadi 10,000. Naelewa kwa nini mstari unahitajika, huwezi kutuma mhandisi kwenye kila kisima cha bata. Ila mstari huo humfundisha mwenye bwawa kuuliza swali lisilofaa. Mwenye mita 24,000 anajiona yuko salama kwa sababu hayumo kwenye daftari, ilhali maji hayalijui daftari. Wamarekani wana utaratibu wa pili ambao naona una akili zaidi: wanalipatia bwawa daraja la hatari kwa kuangalia kilicho chini yake. Tuta bovu juu ya pori tupu linapewa daraja la chini. Tuta zuri juu ya shule linapewa la juu. Daraja halisemi tuta likoje. Linasema likiondoka litaondoka na nani.

Utaratibu huo nao una shida yake, maana bonde halikai lilivyo. Bwawa linajengwa pakiwa pori, miaka 20 baadaye kuna nyumba, na mwenye bwawa hajahama hata hatua moja. Mzee aliponionyesha paa zile za mabati alisema, "Hawa walinikuta hapa." Ni kweli. Walimkuta. Sijui jibu linalomridhisha kila mtu kwenye hilo, ila sheria ya Kiingereza, ambayo mahakama nyingi za Afrika Mashariki zimeirithi, ilishalijibu kwa njia yake. Katika kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher, iliyohitimishwa mwaka 1868, mwenye kinu alijengewa bwawa juu ya mashimo ya zamani ya mgodi bila yeye kujua; maji yakatoboa chini na kuingia kwenye mgodi wa makaa wa jirani. Majaji walisema anayekusanya kwenye ardhi yake kitu kinachoweza kuleta madhara kikitoroka, anakiweka kwa hatari yake mwenyewe. Hata kama hakuzembea. Baada ya muda visingizio vimeongezeka kwenye kanuni hiyo, lakini kiini chake bado kinapaswa kumkosesha usingizi mtu aliyeweka ubao kwenye utoro kwa mkono wake.

Kwenye tuta lenyewe kuna mambo mawili ambayo mgeni huyapenda na mhandisi huyachukia. La kwanza ni ule mti. Mizizi huutafuta unyevu, na unyevu wa tuta uko ndani kabisa, upande wa maji. Mti ukiangushwa na upepo hung'oka na donge la udongo ukaacha shimo kwenye tuta. Mti ukifa umesimama, mizizi inaoza polepole na kuacha mirija, na maji hayahitaji zaidi ya hapo kuanza safari. Panya na fuko hufuata kivuli. Nyasi fupi, zinazokatwa, ndizo mavazi ya tuta. Hazina mahaba kwenye picha za harusi, lakini zinakuonyesha kila ufa na kila shimo.

La pili ni maua kwenye mguu wa tuta. Yale ya mzee yalikuwa yamestawi kiangazi, mahali ambapo hakuna aliyeyamwagilia. Nikachutama pale. Udongo ulikuwa laini, na katikati ya majani kulikuwa na kijichirizi chembamba kama kamba ya kiatu. Kila tuta la udongo huvuja kidogo, hilo si la kutisha. La kutisha ni maji yanayotoka na udongo, kwa sababu huo udongo ni tuta lenyewe linalotoka kidogo kidogo kupitia tundu. Kipimo chake hakihitaji digrii: chota kwenye chupa inayoonyesha, iache itulie, tazama kitakachotuama chini. Kisha rudi wiki ijayo uchote tena, bwawa likiwa kwenye kimo kilekile. Nilichota. Yalikuwa safi. Nikamwambia mzee afyeke yale maua ili aweze kupaona pale kila siku, akanitazama kama nimemwomba amnyoe bibi harusi.

Waogeleaji nao wana hatari zao ambazo hazina uhusiano na tuta kupasuka. Wale watoto walikuwa wakipiga mbizi kwenye nguzo ya koki. Bomba likiwa limefunguliwa, maji yaliyo juu yake yana msukumo wa kutosha kumbana mtu kwenye mdomo wa bomba asiweze kujinasua. Kwa kina cha mita tatu ni kama tani tatu kwa kila mita ya mraba. Utoro wenye utelezi unavuta watoto kama bembea, ilhali chini yake, pale maji yanapoanguka na kujizungusha, mwogeleaji hodari hurudishwa chini tena na tena. Kingo zilizotandikwa plastiki ni rahisi kuingilia na ngumu kutokea. Mtu anazama akiwa amebakiza mkono mmoja kufika nchi kavu. Kamba yenye mafundo iliyolazwa kwenye kingo inatosha kuokoa maisha, na gharama yake ni ya kamba. Sehemu za joto kuna pia kichocho, kinachobebwa na konokono wa kwenye majani ya ukingoni, mahali penye kina kifupi ambapo wazazi huona ni salama kwa watoto.

Nirudi kwenye fedha, maana huko ndiko ugomvi wa kweli uliko. Maji yakishakuwa mandhari, yanapata watetezi. Huko jimbo la Michigan, Marekani, ziwa la Wixom lilikuwepo kwa sababu ya bwawa la Edenville, la kampuni binafsi ya umeme. Mwaka 2018 mamlaka ya serikali kuu iliifutia kampuni leseni kwa kushindwa kuongeza uwezo wa utoro. Kuzungukia ziwa kulikuwa na nyumba zilizopanda thamani kwa sababu ya maji yale, na wenye nyumba walitaka kimo kibaki juu. Aprili 2020 serikali ya jimbo ikamshitaki mwenye bwawa kwa kushusha maji na kuua kome wa maji baridi. Tarehe 19 Mei mwaka huohuo, baada ya mvua ya siku mbili, tuta likaporomoka. Watu kama 10,000 wakahamishwa, kwa bahati hakuna aliyekufa. Wataalamu waliochunguza walikuta maji hayakuwa yamepita juu ya tuta pale lilipovunjika. Udongo wa mchanga uliolegea ndani yake ulishindwa kuhimili kimo kile ukageuka kama uji.

Ninachomdai mwenye bwawa la starehe ni hiki: kiingilio cha mgeni kilipe kwanza tuta, ndipo kilipe mtumbwi. Koki izungushwe kila baada ya miezi michache, maji yatoke, yafungwe. Kabla ya masika bwawa lishushwe, hata kama gati litabaki hewani na wageni walalamike kwa mwezi mzima. Nanga ya mtumbwi si sababu ya kugusa utoro. Na wenye paa za bondeni wawe na namba ya simu ya mtu anayelala karibu na maji, naye awe na zao.

Niliyasema hayo, kwa maneno ya upole zaidi, tukiwa tumesimama juu ya ubao. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akamwita kijana wake ajaribu gurudumu la koki. Kijana akapiga makasia hadi kwenye nguzo, akalishika, akalizungusha robo mzunguko kwa kilio cha chuma, likagoma. Akaegemeza bega. Likatoka mkononi mwake lote, gurudumu na kipande cha shina, akabaki amelishika kama sahani.

"Litatengenezwa," mzee akasema. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mlimani. Nikamwuliza kama naweza kumsaidia kuondoa ubao, angalau huo. Akatazama gati, akatazama mitumbwi, akanijibu tungojee Jumapili ipite, kuna harusi.